Kutoka kwa Mwalimu: Hofu, na Watu Walioimba Baharini



Mwezi uliopita tuliahidi kuendelea na mazungumzo juu ya watoto wetu na lugha ya nyumbani. Tunaomba radhi, ahadi hiyo twaisogeza hadi toleo lijalo, kwa sababu limetupata jambo ambalo tusipoliandika sasa tutakuwa tumelikimbia, na kulikimbia ndiko tulikokuwa tukikufanya kwa siku tisa.

Jumapili moja mchungaji alikuwa safarini, nasi tukaombwa kuhubiri katika ibada ya Kiswahili. Tulichagua habari ya mashua na tufani katika Injili ya Marko, sura ya nne, ambamo wanafunzi wanapiga kelele ilhali Bwana amelala usingizi nyuma ya chombo. Twadhani tulinena vizuri. Mtu aliyesimama mbele ya ubao kwa zaidi ya miaka thelathini hakosi maneno. Baada ya ibada tulikuwa tukikunja viti (ukumbi ni wa kuazima, na wenyewe huutaka saa nane kamili), akatujia mama mmoja ambaye wengi wenu mwamfahamu, ila jina lake hatutalitaja. Mama huyu anangojea uamuzi wa karatasi zake huu mwaka wa nne.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mama. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Mwalimu, neno la leo limenigusa. Lakini nina swali, usinione sina adabu. Umesema tusiogope. Mimi kila asubuhi nikisikia kile kibati cha mlangoni kinagonga, tarishi ametumbukiza barua, miguu inaniisha nguvu. Je, wewe mwenyewe, Mwalimu, huogopi kitu?"

Tulimpa jibu la kimwalimu. Tulimwambia kwamba hofu ni ya kibinadamu, kwamba imani hukua hatua kwa hatua, kwamba tuzidi kuombeana. Akashukuru, akamvalisha mtoto kofia, akalikimbilia basi. Nasi tukaendelea kukunja viti, huku katika mfuko wa ndani wa koti letu mkiwa na barua ya hospitali ambayo hatukuwa tumeifungua tangu Ijumaa ya juma lililotangulia. Daktari wa mtaani alikuwa ametupima damu kwa ajili ya tezi dume, jambo ambalo wanaume wa rika letu huliahirisha mpaka waamriwe na wake zao. Tulijua barua ile ilikuwa na jibu. Kila asubuhi tuliitoa katika koti moja na kuitia katika koti jingine.

Huenda mtu akasema barua ni karatasi tu. Ni kweli. Lakini sisi tunaoishi ugenini tumejifunza kuziogopa karatasi. Kuna bahasha ya kahawia ya serikali, kuna barua ya shule kumhusu mtoto, na kuna ile ya Ofisi ya Uhamiaji, ambayo mtu huitambua hata kabla hajainama kuiokota. Kisha kuna simu ya usiku. Majira ya baridi, saa tisa ya usiku hapa ni saa kumi na mbili ya asubuhi Mbeya au Mwanza, yaani ile saa ambayo watu wa nyumbani huamka na kukuta mgonjwa amekata roho. Hakuna miongoni mwetu asiyejua maana ya simu kulia saa tisa. Sisi tulipigiwa simu hiyo Januari 2006, alipofariki mama yetu mzazi, na hatukuweza kusafiri kwenda kumzika. Tangu siku hiyo simu ikilia usiku, hata ikiwa ni mtu aliyekosea namba, moyo hurudi palepale. Na nyuma ya hofu hizo zote imejificha moja ambayo hatuitaji katika vikao vyetu isipokuwa tunapochangishana fedha za kusafirisha maiti: hofu ya kufia huku.

Ndugu zetu Waislamu, ambao wamekuwa wasomaji wa kijarida hiki tangu toleo la kwanza, watuwie radhi mwezi huu. Tutazungumza kwa namna ya Kikristo, kwa kuwa ndiyo njia tunayoijua kwa kuikanyaga. Ndugu yetu wa ukurasa wa nne huzungumza kwa namna yake, nasi humsoma kila mwezi na kunufaika.

Usiku wa Jumapili ile hatukupata usingizi. Tukafanya walifanyalo walimu wa historia wanapozidiwa: tukachukua kitabu. Ilikuwa ni shajara ya John Wesley, tuliyoinunua zamani kwa peni chache katika duka la vitu vilivyokwisha tumika, tukaiweka rafuni bila kuimaliza. Wasomaji watokao Meru na pwani ya Kenya hawahitaji kuelezwa Wesley ni nani. Wamethodisti walianza kazi Ribe, karibu na Mombasa, mwaka 1862. Wengi wetu tumezoea kumwona katika picha akiwa mzee mwenye nywele nyeupe, amepanda farasi, akihubiri kutoka mji hadi mji. Tunaomba mumtazame kabla hajawa mzee huyo.

Mwaka 1736 Wesley alikuwa na umri wa miaka 32. Alikuwa padri wa Kanisa la Uingereza na mwalimu wa chuo kimojawapo cha Oxford, bingwa wa Kigiriki na Kilatini. Kwa bidii ya dini hakuwa na mfano: aliamka saa kumi za alfajiri, alifunga Jumatano na Ijumaa, aliwatembelea wafungwa gerezani, aliandika kila saa ameitumiaje. Alikuwa safarini kwenda Georgia, lililokuwa wakati huo koloni changa la Waingereza kule Amerika, akikusudia kuwahubiria Injili wenyeji wa kule. Ndani ya meli ile, iliyoitwa Simmonds, alitambua jambo lililomwaibisha: aliogopa kufa. Kila dhoruba ilipovuma aliogopa, na ilipotulia alijiuliza imekuwaje mhubiri hana imani. Aliyaandika haya kwa mkono wake mwenyewe bila kujipendelea.

Dhoruba ya tatu ilianza adhuhuri ya Jumapili, tarehe 25 Januari. Saa moja ya jioni Wesley alikwenda kwa abiria fulani wa Kijerumani, ambao walikuwa wakianza ibada yao. Walikuwa watu 26, wanaume na wanawake. Zaburi ilikuwa imekwisha anza pale wimbi lilipoipanda meli, likalirarua tanga kuu, na maji yakamiminika hadi kule chini walikokaa watu. Waingereza wakapiga mayowe. Wajerumani hawakukatisha ubeti. Baadaye Wesley alimfuata mmoja wao, akamwuliza kama hakuogopa. Yule bwana akajibu kwamba, ashukuriwe Mungu, hakuogopa. Wesley hakuridhika, akauliza habari za wanawake na watoto. Akajibiwa kwamba wao pia hawaogopi kufa.

Wasomaji wetu wa Rungwe na Tabora wamekwisha watambua watu hawa. Walikuwa Wamoravian. Sisi tulizaliwa chini ya mlima Rungwe, tukabatizwa katika kanisa lao, tukafundishwa kusoma na kuandika katika shule yao. Na bado ilitubidi tufike miaka sitini na kitu, tena katika nchi ya Wesley, ndipo tuitazame vizuri picha ile ya melini. Nyumbani tulifundishwa kwamba wamisionari wao walifika upande wa kaskazini wa Ziwa Nyasa mwaka 1891 na kujenga Rungwe, na kwamba mwaka 1898 walipokea kazi ya Urambo katika Unyamwezi. Leo Tanzania ndiyo nchi yenye Wamoravian wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Lakini utotoni tulidhani wazungu wale walikuwa watu wenye nguvu waliotoka katika nchi ya nguvu. Hatukujua kwamba kanisa lao ni kanisa la wakimbizi.

Asili yao ni wafuasi wa Jan Hus, mhubiri wa Bohemia aliyechomwa moto huko Konstanz mwaka 1415. Umoja wao wa Ndugu ulianzishwa mwaka 1457. Baada ya vita vya mwaka 1620 imani yao ilipigwa marufuku, wakaishi karne nzima kwa kujificha. Mwaka 1722 seremala mmoja, Christian David, aliziongoza familia chache kutoka Moravia hadi Saxony, katika shamba la bwana Zinzendorf. Waliondoka usiku, wakaacha nyumba na vyombo. Wakajenga kijiji wakakiita Herrnhut. Tena msidhani walikuwa malaika: miaka mitano ya kwanza waligombana vibaya kwa mambo ya madhehebu na ya mipaka, kama vyama vyetu vya huku vinavyogombana juu ya mwenyekiti na mfuko wa rambirambi. Walipatana katika meza ya Bwana tarehe 13 Agosti 1727. Tangu mwezi huo walipanga zamu za maombi, usiku na mchana, na desturi hiyo ikaendelea kwa miaka zaidi ya mia moja. Aidha walianza kupelekeana nyumba kwa nyumba neno moja la Maandiko kwa kila siku, na kuanzia mwaka 1731 maneno hayo yakachapishwa kitabu, ambacho hutolewa mpaka sasa kila mwaka kwa lugha nyingi.

Kwa hiyo wale watu 26 hawakuwa mashujaa wa baharini. Walikuwa wahamiaji. Walikuwa wakielekea nchi ambayo lugha yake hawakuijua, wenye vyombo vichache na watoto wanaotapika, katika meli ya watu wengine.

Hapo ndipo usingizi ulipotutoka kabisa. Kwa maana sisi siku zote tulikuwa tukihubiri kana kwamba amani ni kitu ambacho mtu hukitafuta wakati dhoruba inapoanza. Wimbi likija, omba; simu ikilia, shika Biblia. Wale walikuwa wamekwisha anza kuimba. Wimbi liliwakuta katikati ya zaburi kwa sababu ilikuwa saa moja ya jioni, na saa moja ya jioni wao huimba. Lisingekuja, wangeimba vilevile.

Isitoshe, Wesley alikuwa amewachunguza muda mrefu kabla ya jioni ile. Alijifunza Kijerumani humo melini ili aweze kusema nao. Aliona kwamba walijitolea kuwafanyia abiria wengine kazi za chini ambazo hakuna Mwingereza aliyekubali kuzifanya, na wakipewa malipo walikataa. Walipotukanwa au kusukumwa waliinuka wakaenda zao, bila lalamiko midomoni. Kilichobaki kwa Wesley kilikuwa kujua kama watu hawa wapole walikuwa pia wameepukana na hofu. Basi kwa maoni yetu mambo haya mawili ni jambo moja. Mtu ambaye amekwisha acha kukilinda cheo chake, ana kitu kimoja pungufu cha kuogopa kupoteza. Tunayasema haya tukijua kwamba kuna wasomaji waliokuwa wahasibu na wauguzi wakuu nyumbani, ambao huku wanafagia ofisi usiku. Wao wanaweza kutufundisha sisi somo hili.

Lakini kwa nini msomi yule aliogopa? Tumesahihisha mitihani maisha yetu yote, nasi twadhani tunaijua sura ya hofu yake. Wesley aliishi kama mtahiniwa. Kila siku ilikuwa karatasi ya maswali, na kila usiku alijipa alama, na alama hazikutosha kamwe. Mtu wa namna hiyo kufa kwake ni kuitwa kupokea matokeo. Wale Wamoravian hawakuwa wema kuliko yeye; huenda kwa saa za kufunga na kusoma aliwashinda. Lakini waliishi kama watoto wa nyumbani, ambao hawaulizwi alama kabla ya kukaribishwa mezani. Yohana, katika waraka wake wa kwanza, sura ya nne, anaeleza kwamba mwenye hofu ni mtu anayetazamia adhabu, na kwamba kinachoitoa hofu hiyo nje ni pendo. Hasemi ni ujasiri, wala hasemi ni bidii.

Walipofika Georgia, kiongozi mmoja wa Wamoravian aitwaye Spangenberg alimwuliza Wesley maswali ya moja kwa moja. Je, alimjua Yesu Kristo? Wesley alijibu kwamba anajua ndiye Mwokozi wa ulimwengu. Akaulizwa tena: Je, unajua kwamba amekuokoa wewe? Akajibu kwa kubabaika. Baadaye alikiri katika shajara kwamba alichelea majibu yake yalikuwa maneno matupu. Sisi tulipoyasoma hayo tulimwona yule mama amesimama mbele yetu na mtoto wake, nasi tukiwa na kiti mkononi.

Kazi ya Georgia haikufanikiwa. Wesley aliondoka mwishoni mwa mwaka 1737 akiwa amegombana na watu na kushtakiwa mahakamani. Wamoravian wenyewe hawakudumu huko. Hawakukubali kushika silaha katika vita na Wahispania, na kufikia mwaka 1740 walikuwa wamehamia Pennsylvania. (Twalitaja hili kwa ajili ya wale wanaodhani kwamba amani ya Mungu maana yake ni mambo kukunyookea.) Februari 1738 Wesley alirudi Uingereza, akakutana London na Mmoravian mwingine, Peter Böhler, kijana wa miaka 25. Mwalimu wa Oxford akakaa chini kufundishwa na kijana mgeni. Ndipo tarehe 24 Mei 1738, jioni, alikwenda bila hamu kwenye kikundi cha maombi katika mtaa wa Aldersgate. Mtu mmoja alikuwa akisoma utangulizi wa Martin Luther kwa Waraka kwa Warumi. Ilipokaribia saa tatu kasorobo, Wesley alihisi moyoni joto la ajabu, akatambua kwamba anamtegemea Kristo, Kristo peke yake, na kwamba dhambi zake yeye, si za ulimwengu kwa jumla tu, zimeondolewa.

Mahali pale tulipafikia miaka kadhaa iliyopita. Pana bamba kubwa la shaba lililosimikwa mwaka 1981, lenye maneno ya shajara hiyo, karibu na jengo lililokuwa makumbusho ya jiji hadi mwaka 2022. Mvua ilikuwa ikinyesha. Watu walipita na miavuli yao pasipo kutazama, nasi tukapiga picha moja isiyo nzuri tukarudi kituo cha treni.

Wahubiri wengi humalizia hadithi hapo, kwa saa tatu kasorobo, na hapo ndipo wanapotuumiza. Shajara haiishii hapo. Usiku uleule Wesley alijiuliza mbona hana furaha. Siku zilizofuata alishambuliwa na mashaka. Januari 1739, miezi saba na kitu baadaye, aliandika kwamba yeye bado si Mkristo, maana hakuyaona ndani yake mapendo wala furaha ya Kikristo. Mwaka 1740 alitengana hata na ndugu zake Wamoravian kwa hitilafu za mafundisho. Amani yake ilikuja kama maji ya kisima kinachochimbwa: tope kwanza.

Lakini ilikuja. Tarehe 20 Oktoba 1743 alikuwa Wednesbury, mji ambao wengi wetu hupita karibu nao kwa basi tukienda kazini. Kundi la watu wenye ghadhabu lilimtoa ndani ya nyumba, likamburura usiku, kwenye mvua, hadi Walsall, ambako lilimpokea kundi jingine lililo baya zaidi. Alipigwa kifuani na mdomoni, damu ikamtoka. Alisema nao kwa upole, akaomba kwa sauti. Mmoja wa waliokuwa wakiliongoza kundi lile akageuka, akaahidi kuutoa uhai wake kwa ajili yake, akamwongoza kwenye usalama. Wesley aliandika kwamba muda wote huo akili yake ilitulia kana kwamba amekaa katika chumba chake cha kusomea. Huyu ni mtu yuleyule wa meli ile. Hakuna tufani iliyomfundisha haya kwa siku moja. Ilikuwa miaka saba na miezi tisa, na vikundi vya maombi visivyohesabika, na ndugu aliowaungamia hofu yake.

Tunayatilia mkazo haya kwa sababu kuna mafundisho yanayotembea miongoni mwetu, mengine kwa kanda na mengine kwa simu, kwamba Mkristo anayeogopa ana dhambi, au ana pepo, au hajatoa sadaka ya kutosha. Tumemwona dada aliyeacha dawa za shinikizo la damu kwa sababu aliambiwa kwamba kuzimeza ni kutoamini. Maneno hayo hayatoki katika Injili tunayoisoma sisi. Marko, sura ya kumi na nne, anaandika kwamba Bwana mwenyewe katika bustani ya Gethsemane alishikwa na fadhaa na uchungu, wala hakuficha. Aliwaambia wenzake watatu na kuwaomba wakeshe naye. Walilala, maskini, lakini aliwaomba. Ikiwa yeye alitaka watu karibu yake saa ile, sisi ni nani tuibebe barua mfukoni siku tisa?

Saa kumi na moja alfajiri tulimwamsha mwenzetu wa nyumbani, tukamwonyesha bahasha. Aliitazama tarehe ya mhuri wa posta.

"Baba, siku tisa?"

"Siku tisa, mama."

Hakusema neno jingine kwa kitambo, na wale walioishi katika ndoa watajua kwamba kimya kile hakikuwa cha upole. Kisha akawasha taa, akaweka maji ya chai jikoni, akaleta kile kitabu cha Tenzi za Rohoni kilichopasuka mgongo. Tuliimba wimbo mmoja, sauti ikiwa nzito ya usingizi, halafu tukasoma Zaburi ya 46, ambamo milima inatetemeka na bahari inachafuka na mtu anaambiwa atulie. Baada ya hapo yeye ndiye aliyeifungua barua, maana vidole vyetu havikufanya kazi vizuri.

Hesabu ya damu iko juu kuliko inavyotakiwa. Hospitali inataka tupigwe picha, na huenda wakachukua kinyama kidogo cha kupima. Hawasemi ni saratani. Hawasemi si saratani. Tunawaandikia haya tukiwa bado hatujui. Hofu haijaondoka, jana usiku ilikuja tena, ikakaa ukingoni mwa kitanda. Ila tumeona tofauti moja ambayo tutaieleza kwa uaminifu bila kuiongeza chumvi: haikutukuta peke yetu, na haikutukuta tukiwa tunaulizana kama Mungu ametupa alama za kutosha. Ilikuta chumba ambamo jambo hilo lilikuwa limekwisha zungumzwa. Tulimtaja Kristo kwa jina, kama mtu anavyomwita ndugu aliye chumba cha pili, tukalala. Kwa wanaume wenzetu tuliofikisha miaka hamsini, nendeni mkaulize kwa daktari habari ya kipimo hicho. Ni damu kidogo tu ya mkononi.

Jumatatu ileile tulimpigia simu yule mama.

"Mama, jana uliniuliza swali, nikakujibu kitabu. Jibu ni kwamba naogopa. Nina barua yangu pia."

Alikaa kimya, kisha akasema, "Pole, Mwalimu. Ya wapi, ya Uhamiaji?"

Tulipomweleza ni ya hospitali alitaka kujua siku na saa, na hospitali gani, na kama mwenzetu ana mtu wa kukaa naye katika chumba cha kungojea. Akasema yeye Jumanne hana kazi, na kwamba basi linalofika mlangoni kabisa ni lile la upande wa soko, wala si lile tulilokuwa tumepanga kupanda. Naye akatuomba jambo moja: barua yake itakapokuja aje kuifungulia kwetu, hata kama ni asubuhi na mapema. Tulimwambia aje.

Tumekubaliana pia kwamba kila Alhamisi, saa moja ya jioni, tutaimba nyumbani kwetu, kwa nusu saa, pasipo hotuba. Waliokuja mara ya kwanza walikuwa saba pamoja na watoto wawili. Aliye na kitabu cha Tenzi na aje nacho, kwa kuwa tulichonacho kimoja kimepotelewa na kurasa za katikati. Kipimo ni Jumanne ya wiki ya pili ya mwezi. Habari za watoto na lugha tutazirudia katika toleo lijalo.